Majani Mengi, Lishe Kidogo: Jinsi Hewa ya Ukaa Inavyopunguza Wadudu wa Porini



Katika mikutano ya kueleza kazi ya kupuliza dawa ya mbu ndani ya nyumba, kuna swali ambalo limekuwa likirudi kila tunapokaa na wananchi. Huulizwa na wazee, na mara nyingi zaidi na akina mama. Mbona senene wamepungua? Mbona wale viwavi wa kuliwa, ambao kule Kongo tulikuwa tukiwaokota kwa vikapu, siku hizi ni wa kutafuta? Mbona hata panzi wa kuchezewa na watoto si wengi?

Swali hilo huja likiwa na jibu lake tayari: ni dawa yenu ya mbu. Kuna kaya ambazo hazikuwafungulia wapulizaji mlango kwa sababu hiyo. Nyumba isiyopulizwa ni mahali pa mbu kupumzika kwa amani, na watoto wa nyumba hiyo na ya jirani ndio hulipa. Kwa hiyo tumeona swali hili lisijibiwe kwa maneno mawili tu mkutanoni, bali lipewe nafasi katika toleo hili.

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Wadudu wanapungua katika sehemu nyingi za dunia, si maneno ya wazee tu. Sababu zake ni kadhaa, na nyingi unazijua: misitu kukatwa, mashamba kuongezeka, dawa za kuua wadudu mashambani, ukame na joto. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haionekani kwa macho wala haina harufu. Imeonekana hata mahali ambapo hakuna aliyekata mti, hakuna aliyelima, na hakuna aliyepuliza dawa. Hiyo ndiyo tunayotaka kukueleza leo.

Je, hewa ya ukaa ni nini?

Hewa ya ukaa, ambayo shuleni huitwa kabonidayoksaidi, ni hewa ambayo wewe na mimi tunaitoa tunapopumua. Hutoka pia pale kitu chochote kinapoungua: kuni, mkaa, mafuta ya taa, dizeli. Mimea nayo huivuta kwa majani yake. Kwa kutumia mwanga wa jua, huichanganya na maji na kutengeneza sukari na wanga. Bila hewa hii hakuna jani, hakuna muhogo, hakuna chakula chochote. Kwa hiyo si sumu kwa kiasi chake cha kawaida.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu jina hili huwachanganya watu. Ile hewa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa si hii tunayoizungumzia. Ile ni ndugu yake, huitwa monoksidi ya kaboni, na hutokea mkaa unapoungua pasipo hewa ya kutosha. Huingia katika damu na kuizuia isibebe hewa safi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala na asiamke. Jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala, hata kama kuna baridi au mvua. Tukirudi kwenye mada yetu, kuanzia hapa tunaposema hewa ya ukaa tunamaanisha ile ya kwanza.

Kiasi chake hewani ni kidogo sana. Chukua maharage 10,000 na uyachukulie kuwa ndiyo hewa yote iliyokuzunguka. Kabla ya viwanda kuenea duniani, zaidi ya miaka 200 iliyopita, hewa ya ukaa ilikuwa punje pungufu ya 3 katika hizo 10,000. Leo ni zaidi ya punje 4. Wataalamu wao huhesabu katika milioni moja: ilikuwa karibu sehemu 280, na sasa imepita 420. Mwanasayansi Charles David Keeling alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii mwaka 1958, na wakati huo ilikuwa karibu 315. Mwaka 2013 ilifika 400 kwa mara ya kwanza katika kituo hicho. Kila mwaka inapanda.

Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo hutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa katika nchi zenye viwanda na magari mengi. Nyingine hutokana na kufyekwa kwa misitu. Mafiga ya mama anayepika maharage hapa kambini si ya kulaumiwa kwa jambo hili. Hata hivyo, hewa huchanganyika dunia nzima. Iliyotoka kwenye bomba la kiwanda Ulaya au Asia itafika hapa, kwa maana hewa haiombi kibali cha kutoka.

Uji uliozimuliwa

Mtu anaweza kusema: kama mimea inakula hewa hii, basi ikiongezeka si ni neema? Mimea itakua, wadudu watashiba. Ndivyo wengi walivyofikiri zamani, na nusu yake ni kweli. Mimea mingi hukua zaidi. Tatizo liko kwenye kile kilichomo ndani ya jani.

Mama yeyote aliyewahi kupika uji wa watoto watano kwa unga wa watoto wawili ataelewa haraka. Sufuria inajaa na kila mtoto anapata kikombe chake, lakini uji umezimuliwa kwa maji. Tumbo limejaa, mwili haukupata. Jani linaloota kwenye hewa yenye ukaa mwingi huwa namna hiyo. Sukari na wanga vimeongezeka, kwa sababu hivyo hutokana na hewa. Lakini naitrojeni, ambayo ndiyo kiini cha protini, pamoja na fosforasi, chuma, zinki na madini mengine, havitoki katika hewa ya ukaa. Vinatoka udongoni, na udongo haukuongezewa kitu. Kiasi kilekile cha madini sasa kimetandazwa kwenye majani mengi zaidi.

Kuna sababu ya pili. Chini ya jani kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mmea huvifungua ili kuvuta hewa ya ukaa, na hapo hapo hupoteza maji, kama mtu anavyotoka jasho. Maji hayo yanapopotea, mizizi huvuta mengine kutoka ardhini, nayo huja yamebeba madini. Hewa ya ukaa ikiwa nyingi, mmea hauna haja ya kufungua vitundu hivyo sana. Maji machache hupanda, na madini machache huja nayo.

Kwa mdudu anayekula majani hili ni jambo zito. Mwili wa mdudu umejengwa kwa protini kwa sehemu kubwa, na una naitrojeni nyingi mara kadhaa kuliko jani analolila. Hata siku nzuri kabisa, kiwavi hula majani mengi ili apate protini kidogo. Jani likizimuliwa, hana budi kula zaidi. Akila zaidi hukaa muda mrefu nje, mbele ya macho ya ndege na nyigu. Huchelewa kukua. Wengine hufa kabla ya kukomaa, na jike aliyekomaa akiwa dhaifu hutaga mayai machache.

Katika vituo vyetu vya lishe tunaona kitu kinachofanana na hicho: mtoto aliyeshiba ugali kila siku lakini miguu imevimba na nywele zimebadilika rangi. Mzazi hushangaa, kwani mtoto anakula. Anakula, ndiyo, lakini chakula hicho hakina cha kujengea mwili. Panzi wa porini naye anaweza kufa njaa akiwa amesimama katikati ya majani.

Mbuga ya Konza

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka mbali, katikati ya Marekani, katika jimbo la Kansas. Huko kuna mbuga ya nyasi ndefu iitwayo Konza, yenye ukubwa wa hekta karibu 3,500. Zamani sehemu kubwa ya katikati ya Marekani ilikuwa nyasi za namna hiyo, kisha karibu zote zikalimwa. Konza ilisalimika kwa sababu ardhi yake imejaa mawe na jembe halipiti. Nyati wa huko waitwao baisoni wanachunga sehemu yake, na moto huwashwa kwa mpangilio kama ilivyokuwa zamani. Hakuna shamba ndani yake wala dawa ya wadudu inayonyunyizwa.

Jambo la maana kuhusu Konza ni subira ya watu wake. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakienda kila mwaka kukata nyasi mahali palepale, kuzikausha, kuzipima uzito na kuweka akiba ya baadhi ya sampuli hizo. Wengine walikuwa wakipita na nyavu zenye mpini, wakizipunga juu ya nyasi kwa hesabu maalumu, kisha wakihesabu panzi walionaswa na kuwatenga kwa aina. Si kazi ya kumpa mtu sifa. Ni ya mtu anayepunga wavu kwenye jua kali, mwaka baada ya mwaka, bila kujua hesabu yake itamfaa nani.

Mwaka 2020 Ellen Welti na wenzake walizikusanya hesabu hizo na kutangaza walichokiona. Katika muda wa miaka 20 hivi panzi wa Konza walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 30. Hawakuwa panzi wa aina moja tu, bali mchanganyiko wa aina zaidi ya 40. Kumbuka kwamba mahali hapa pamelindwa, hapajalimwa wala kupulizwa.

Huenda ukasema nyasi zilipungua. La, ilikuwa kinyume chake. Katika miaka 30 uzito wa nyasi uliongezeka karibu mara mbili. Chakula kilikuwa tele. Ndipo watafiti walipozipima zile nyasi kavu zilizohifadhiwa, za mwaka hadi mwaka, kuona kilichomo ndani. Naitrojeni ilikuwa imeshuka kwa asilimia 42. Fosforasi ilishuka kwa asilimia 58, potasiamu kwa asilimia 54, na sodiamu, yaani ile iliyomo katika chumvi, kwa asilimia 90.

Ni sawa na kwenda kupokea mgawo, ukapewa gunia kubwa mara mbili ya la zamani, na ulipofika nyumbani ukakuta nusu yake ni pumba.

Watafiti hao hawakusema kwamba kila panzi aliyepungua ameuawa na hewa ya ukaa. Panzi hupanda na kushuka kufuatana na mvua na joto la majira, na hesabu zao zilionyesha hivyo pia. Mvua nazo husaidia nyasi kukua na kuzimua madini yake. Lakini chini ya kupanda na kushuka huko kulikuwa na mteremko mmoja usiokoma, nao ulikwenda sambamba na kupungua kwa lishe katika nyasi. Hewa ya ukaa inayoongezeka ndiyo sababu kubwa waliyoitaja ya nyasi kunenepa na kukosa lishe kwa wakati mmoja.

Miti ya Florida na ua la njano

Konza ilitazamwa jinsi ilivyo. Mahali pengine watu walijaribu kwa makusudi. Huko Florida, Marekani, katika ardhi ya kituo cha kurushia roketi cha Kennedy, kuna vichaka vya miti mifupi ya mialoni. Kuanzia mwaka 1996 watafiti walizungushia sehemu 16 za kichaka hicho kuta za plastiki, juu wakaacha wazi. Sehemu 8 walizipa hewa ya kawaida. Sehemu 8 nyingine waliziongezea hewa ya ukaa hadi karibu mara mbili, usiku na mchana, kwa miaka 11.

Mialoni hiyo ina wadudu wadogo ambao watoto wao huishi ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, wakichimba njia wanapokula. Bila shaka umewahi kuona jani lenye michoro myeupe iliyopindapinda. Ni kazi ya wadudu wa namna hiyo. Katika sehemu zenye hewa ya ukaa nyingi, wadudu hao walikuwa wachache. Kila mmoja alichimba eneo kubwa zaidi ya kawaida, yaani alikula zaidi ili apate kilekile. Wengi walikufa kwa ubaya wa jani, na wengine waliwahiwa na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili ya wadudu wengine. Aliyechelewa kukua alikaa muda mrefu zaidi mahali pa hatari.

Nyuki nao wameguswa. Huenda nyuki hali majani, lakini watoto wake hulelewa kwa chavua, ule unga wa njano wa maua, na protini yao yote hutoka humo. Marekani Kaskazini kuna ua la njano la porini liitwalo Solidago, ambalo huchanua mwishoni mwa kiangazi na ni chakula cha mwisho cha nyuki kabla ya majira ya baridi. Katika jumba la makumbusho la Smithsonian kuna maua hayo yaliyokaushwa na kuhifadhiwa tangu mwaka 1842. Lewis Ziska na wenzake waliyapima, kuanzia ya mwaka huo hadi ya 2014, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba protini katika chavua yake imepungua kwa karibu theluthi moja. Walipootesha ua hilo katika hewa yenye ukaa wa viwango mbalimbali, protini ilishuka kadiri hewa ya ukaa ilivyopanda.

Maua hayo yamekufa kitambo, na waliyoyachuma pia. Lakini mtu aliyebana ua kwenye karatasi mwaka 1842 ametuachia ushahidi ambao hakuna mdomo ungeweza kuutoa.

Je, wadudu wote watapungua?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Wadudu hawafanani mahitaji. Mwaka 2012 Arianne Cease na wenzake walieleza habari za nzige wa aina moja wa huko Mongolia ya Ndani, nchini China. Nzige hao walistawi zaidi kwenye nyasi zenye naitrojeni kidogo, zile za malisho yaliyochungwa kupita kiasi. Wao huhitaji wanga mwingi kuliko protini, hivyo jani lililozimuliwa kwao ni karamu. Na huko Illinois, Marekani, soya iliyooteshwa katika hewa yenye ukaa mwingi iliharibiwa zaidi na wadudu wenye mbawa ngumu, kwa kuwa mmea ulikuwa umepunguza sumu yake ya asili ya kujikinga.

Kwa hiyo tusitegemee kwamba wadudu waharibifu watatuondokea halafu wabaki wema. Inaweza kuwa kinyume.

Wengine wenu mtakumbuka nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019, na Februari 2020 wakafika Uganda na ukingo wa Ziwa Albert upande wa Kongo, ambako hawakuwa wameonekana tangu mwaka 1944. Watu wameuliza kama hao nao ni kazi ya hewa ya ukaa kwenye majani. Hao walitokana na mvua. Mwaka 2018 vimbunga viwili viliipiga Rasi ya Arabuni na kulowesha jangwa, nzige wakapata mahali pa kuzaliana kizazi baada ya kizazi bila mtu kuwaona, kisha mvua nyingi za mwaka 2019 katika Pembe ya Afrika zikawapa malisho. Si kila jambo la wadudu lina chanzo kimoja.

Na mbu je? Mbu hali majani. Dume hunyonya utomvu mtamu wa maua na mimea, na jike huongeza damu yetu ili apate protini ya mayai. Hewa ya ukaa kwake ni alama ya njia tu. Pumzi unayoitoa ina hewa hiyo mara 100 hivi kuliko hewa ya nje, na mbu huifuata gizani hadi alipo mwenye pumzi, akisaidiwa na harufu na joto la mwili. Kuongezeka kwa hewa ya ukaa angani hakutamfanya apotee njia. Chandarua kiendelee kuchomekwa chini ya mkeka au godoro kila usiku.

Hili linaihusu vipi afya yako?

Linaihusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba mimea tunayokula sisi inafuata kanuni ileile. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanyika Japani, Australia na Marekani, ambako mazao yaliota shambani kwenye hewa ya ukaa ya karibu 550 katika milioni, kiwango ambacho dunia inaweza kukifikia katika karne hii. Ngano ilipungukiwa zinki kwa karibu asilimia 9 na chuma kwa karibu asilimia 5. Mchele, njegere na soya navyo vilipungukiwa madini hayo. Mahindi na mtama havikubadilika sana, kwa kuwa mimea hiyo ina namna yake ya kukusanya hewa ya ukaa ndani ya jani, na nyongeza haiisaidii wala kuidhuru sana.

Usifurahie haraka kwa kuwa mgawo wako ni unga wa mahindi. Ugali tangu mwanzo hauna chuma wala zinki ya kutosha, na kilichomo mwili haukipati vizuri. Maharage, mboga za majani, dagaa na nyama pale vinapopatikana ndivyo vinavyoziba pengo. Ndiyo maana mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu, na ndiyo maana mtoto anayeharisha hupewa vidonge vya zinki pamoja na maji ya chumvichumvi. Vidonge hivyo vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Akina mama wengi huviacha siku ya tatu kuhara kunapokoma, na vinavyobaki huishia juu ya kabati. Tafadhali vimalizwe. Siku za mwisho ndizo zinazomrudishia mtoto alichopoteza.

Njia ya pili ni wadudu wenyewe kama chakula. Senene, viwavi na kumbikumbi wana protini nyingi, na wana chuma na zinki pia. Wazee waliowalisha watoto viwavi hawakuwa wajinga, na mtu asiwacheke. Pale wanapopatikana, waliwe. Ondoa mabawa na miguu, toa uchafu wa tumboni kwa viwavi, osha, kisha chemsha au kaanga mpaka waive vizuri. Wa kuhifadhi wakaushwe juani mpaka wavunjike mkononi, maana wakikaa na unyevu huota ukungu. Usiokote kwenye shamba la pamba au mboga lililonyunyizwa dawa, wala wadudu waliokutwa wamekufa. Mtu ambaye kamba au kaa humtoa vipele au kumbana kifua asile wadudu hawa, kwa sababu mwili wake unaweza kuwakataa vilevile.

Sasa turudi kwenye dawa ya mbu

Dawa tunayopuliza hukaa kwenye kuta za ndani. Mbu akishanyonya damu hulemewa, hutua ukutani kupumzika, na hapo huigusa. Ni sumu ya wadudu, hatuwezi kusema vinginevyo: nzi, mende na mchwa watakaogusa ukuta huo watakufa pia. Lakini haitembei kutoka ukutani kwako ikaenda kumtafuta kiwavi juu ya mti porini. Panzi wa Konza walipungua kwa theluthi bila kuona bomba la mpulizaji hata mara moja.

Mahali ambapo dawa hii inaweza kudhuru wadudu wa nje ni pawili, na hapo tunahitaji macho yako. Mwenye mzinga wa nyuki karibu na nyumba auhamishe mbali kabla ya siku ya kupuliza, na kama una asali au vyombo vya chakula ndani, vitolewe nje vikiwa vimefunikwa. Maji yaliyooshea mabomba hayaruhusiwi kumwagwa popote ila kwenye shimo lililochimbwa kwa kazi hiyo. Yakimwagwa kijitoni huua samaki na wadudu wa majini, na watu huteka maji chini yake. Ukimwona mpulizaji, awe nani, akimwaga masalia kando ya kijito au porini, mweleze kiongozi wa kanda yako au mtoa habari za afya siku hiyohiyo, umtajie mahali na saa.